Kitambaa Chekundu Ukutani

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Goti linaendeleaje, na cherehani? Mimi mzima, ila upepo wa huku umenipausha midomo.

Kisiwa kina nyumba kumi na tisa, watu sitini na watatu, kondoo wasiohesabika, na zahanati moja: yangu. Meli huja kila miezi mitatu. Tangu nifike Desemba hakuna mgonjwa hata mmoja aliyepiga hodi. Nimepanga dawa, nimezipangua, nimezipanga tena. Watu wananisalimu kwa mbali, basi. Nyumba zimetawanyika mlimani, zote za mawe ya kijivu, na mara mojamoja utaona kitambaa chekundu kimetundikwa ukutani. Kinapendeza, hasa siku za ukungu.

Sikati tamaa. Nimekuja kuuguza na nitauguza.

Mwanao

20 Mei

Kitinda mimba wangu,

Marahaba. Goti linalalamika, cherehani hailalamiki. Kama hawakutaki, si ugomvi, panda meli urudi. Matroni wa hospitali ya hapa mjini amekuulizia mara mbili. Ulisomea kuuguza watu, hukusomea kupanga makopo. Nakutumia mtandio mwekundu wa sufu, ujifunge kichwa safarini.

Na usiniletee ukaidi wa marehemu baba yako. Wa kwake ulinitosha.

Mama yako

3 Septemba

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kwa ukimya. Mtandio ulifika Juni. Nilijipa meli moja zaidi, kisha nikafunga sanduku. Wiki mbili zilizopita niliufua mtandio, nikauanika ukutani. Sijamaliza hata kusuuza soksi, watu ishirini hao, mbio, wamebeba mlango wa kumlazia mgonjwa.

"Nani anaumwa?" wakaniuliza.

"Hakuna. Nimefua tu."

Ndipo wakanieleza. Mama, huku kitambaa chekundu ni kuomba msaada. Mgonjwa hamfuati mtu. Anakitundika, na anayekiona ndiye anayekwenda. Hawakuniambia kwa sababu hawakudhani yupo mtu asiyejua. Mwezi wa Aprili mchunga kondoo alilala siku nne akiningoja na mguu uliovunjika, nami nikapita mlangoni pake, nikampungia mkewe mkono, nikamsifia kitambaa! Nililia mbele yao wote kwa aibu. Yule mke akaniuliza, "Sasa utakuja?"

Nikamwambia nitakuja, na siku hiyohiyo nilikwenda. Majirani waliufunga mguu wenyewe, na mfupa ulishaunga vibaya, atachechemea maisha yake yote. Siku hizi nautazama mlima wote kabla sijanywa chai. Sanduku nimelifungua. Sirudi.

Mwanao

20 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Nilikasirika siku mbili, ya tatu nikashika mkasi. Nimeshona vitambaa vyekundu kumi na tisa, kimoja kila nyumba, vyenye vitanzi na pindo mara mbili ili upepo usivichane. Cha kwanza mpelekee mke wa mchunga kondoo, kwa mkono wako.

Nimejishonea na mimi kimoja. Siku nitakapokitundika nitakuandikia, nawe utapanda meli bila kuniuliza swali. Kwa sasa kimekunjwa kabatini, na goti langu ni goti tu. Amka mapema, tazama mlimani.

Mama yako