Rukia Amekuja Kupimwa

Mwalimu,

Rukia wako amekuja kupimwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeniuliza kabla hata hatujamaliza kujuliana hali.

Chumba chako cha kupigia picha za moyo nimepewa mimi. Mashine ni mpya, pazia ni lile lile. Madaktari wanaosomea ubingwa mwaka huu hawakukujua. Nawafundisha ulivyonifundisha: mkono utulie kwanza, ndipo jicho lione, na mtu aseme anachokiona, si anachokidhani. Wamesikia kwamba ulikuwa ukilala kitandani mwenyewe ili wanafunzi wajifunze juu ya moyo wako. Kilichofuata nimewasimulia mimi.

Siku ile ilikuwa zamu yangu. Wanaume ulikwisha kuwatoa nje, mlango umefungwa, buibui lako liko juu ya kiti. Nilipofika kwenye mshipa mkuu, pale unapotokea moyoni, niliuona mpana kuliko inavyofaa. Nikakisogeza kifaa pembeni.

"Mwende, sema unachokiona."

Nikasema labda ni mashine.

"Mashine haina kosa. Sema."

Nikasema mshipa umetanuka. Ukageuza shingo ukaitazama skrini, ukaniambia nipime tena. Nikapima, jibu likawa lile lile. Basi ukawaeleza wenzangu kwamba mshipa wa namna ile huweza kuchanika, na kwamba dawa yake ni kupasuliwa kabla haujachanika. Sauti yako haikubadilika. Ukajifuta jeli, ukauliza ni zamu ya nani.

Nairobi walikupa nafasi ya kupasuliwa upesi. Wewe ukasema, "Wacha hawa wafanye mtihani kwanza." Nilikwambia mtu mwingine anaweza kutusimamia. Ukacheka. "Nani? Wewe?" Tukafanya mtihani, tukafaulu sote. Mkoba wako wa safari ulikuwa tayari mlangoni, Mwalimu. Ijumaa, ukitawadha, mshipa ukachanika. Hukufika hospitali.

Ulizikwa siku hiyo hiyo. Mimi nilikaa ndani na wanawake, kwenye mkeka, nimejitanda leso niliyoazimwa na dada yako, Bi Asha. Watu waliulizana ni nini kilichokuua ghafla. Mimi nilijua hatua kwa hatua, na sikuweza kumwambia mtu. Sikulia pale. Nililia Feri, kwenye foleni ya kwenda Likoni, na watu wakanipisha bila kuniuliza neno.

Sasa Rukia. Ugonjwa huu hutembea katika damu. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mtu mmoja akionekana nao, ndugu na watoto wapimwe. Bi Asha alipimwa mapema, yu salama. Binti yako hakutaka. Nilimpigia simu, hakupokea. Mwishowe nikaenda Mji wa Kale, nyumbani kwenu. Akanikaribisha vizuri, akatutilia kahawa mimi na Bi Asha, kisha akasema:

"Sitaki kujua, Daktari. Mamangu alijua. Kujua kulimfaa nini?"

"Hakukumfaa kwa sababu alingoja," nikasema.

Bi Asha akaweka kikombe chini. "Ile ni kadari ya Mungu, mwanangu."

"Kadari sikatai, Bi Asha. Lakini alingoja."

Nilidhani nimeharibu, nikaaga. Nilikuwa nimekwisha kufika karibu na Ngome ya Yesu, wauzaji wa vinyago wananiita, nilipomsikia Rukia nyuma yangu akitweta. "Siku gani?" akauliza. Basi.

Nilimwachia Zuhura, mmoja wa wanafunzi wangu, ampime. Nilisimama ukutani, mikono nyuma, nisiingilie. Zuhura alisita mahali pale pale nilipositia mimi. Nikangoja aseme mwenyewe, akasema: mshipa umetanuka, kidogo. Haujafikia kupasuliwa. Rukia atakunywa dawa ya kushusha presha, na tutampima mara kwa mara tuone kama unaongezeka.

Rukia alivaa, akaketi, akaniuliza, "Ukiongezeka utaniambia?"

"Siku hiyo hiyo."

"Nami nikisema ningoje kidogo?"

Sikumjibu vizuri. Nilisema tutaona. Ni jibu la daktari, na wewe ungelikataa. Jibu lenyewe nakuandikia wewe.

Nilikupenda, Mwalimu, na kwa muda mrefu nilikukasirikia. Hasira imepungua, sidhani itakwisha. Nakuaga nayo hivyo hivyo, pamoja na shukrani. Mungu akupumzishe, maana wewe mwenyewe hukujua kupumzika.

Na ahadi yangu ni hii: ikifika siku ya Rukia kupasuliwa, sitamwomba na sitacheka naye. Nitakwenda kumtoa nyumbani, nimshike mkono mpaka ndani ya ndege ya Nairobi. Akinikasirikia, na anikasirikie miaka yote. Anikasirikie akiwa hai.

Mwende