Nilivyoikana Kazi ya Mwanangu kwa Simu

Alhamisi, mwezi wa sita. Jua limewaka tangu saa mbili, jua lenyewe la kuanikia mpunga. Moyo wangu nao sasa umekauka vizuri, ila mchana ulikuwa umelowa chapachapa.

Nianze na sifa, maana sifa ni zangu. Mwanangu Tumaini, yule afisa mikopo wa benki kule Morogoro, ameitwa kuandika kwenye jarida la fedha na biashara. Liko mtandaoni, linasomwa na wakubwa. Ifakara nzima inajua, kwa sababu nimewaambia.

Kwenye jarida hilo kila mwandishi anawekewa picha, na chini yake kazi alizowahi kufanya. Nimewasoma wote. Mmoja mkaguzi wa hesabu, mwingine mchumi, mwingine amezeekea kwenye bima. Watu wazito. Nafasi ya Tumaini ilikuwa bado tupu, nikawa naichungulia kila siku kama chungu cha maharage.

Leo asubuhi niko mashineni tunakoboa mpunga, simu ikaita. Mhariri wa lile jarida, dada mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo mama. Tumaini ameandika kwamba alinunua na kupima mpunga pamoja na wewe, miaka sita. Tunahakiki tu. Ni kweli?"

Nikamwona mwanangu kwenye ukurasa ule, amekaa kati ya mchumi na mkaguzi, pumba zimejaa kwenye nywele.

"Tumaini? Thubutu! Mwanangu hajashika hata debe. Yule ni mtu wa kalamu tangu darasa la kwanza."

"Hajawahi kabisa, mama?"

"Hata siku moja!"

Nikakata simu huku nacheka. Mama Sesilia, mwenzangu wa mashineni, akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "We Mama Tumaini! Na lile kovu la bambo mkononi kwa mtoto, alilipata akiandika imla?" Bambo ndicho kile chuma tunachochomea gunia kutoa punje za ndani.

Nikajifanya nafunga gunia.

Saa sita Tumaini akapiga. "Mama, umewaambia nini? Wanasema nimedanganya. Makala yangu wameisimamisha."

Makala yenyewe ni ya mikopo ya wakulima wa mpunga wa bonde letu hili. Ameihangaikia miezi mitatu. Nami nimeiua kwa maneno mawili, tena ya kujisifu.

Nikakaa juu ya gunia. Niliona aibu ya nini? Ya kazi iliyomsomesha?

Nikampigia yule dada. Nikamwambia, dada, aliyedanganya ni mimi. Nikamsimulia mzigo uliotoka Lupiro, Tumaini akiwa na miaka kumi na minne. Mimi nilishika mpunga wa juu nikaridhika, nikakubali kununua. Yeye akazamisha bambo mpaka chini, akauma punje, akatema. "Mama, juu mkavu, chini mbichi." Tungeuchukua, ungeozea ghalani wote.

"Kwa meno mnajuaje, mama?"

"Mkavu unalia ka! Mbichi unabonyea."

Akacheka, lakini akataka na shahidi. Nikampa Mama Sesilia simu. Mama Sesilia akishika simu hana breki. Alieleza hadi rangi ya kanga niliyovaa siku ile.

Jioni ukurasa umejaa. Picha ya Tumaini, na chini yake, kabla hata ya benki, imeandikwa kwamba alinunua na kupima mpunga Ifakara, akifundishwa na mama yake.

Akifundishwa na mama yake.

Asante Mungu. Asante Mama Sesilia kwa mdomo wako ambao huwa nausema vibaya. Asante dada mhariri kwa kunisikiliza mara ya pili. Tumaini ameniandikia: "Nimekusamehe mama, ila simu za wahariri usipokee tena."

Kesho napita stesheneri wanitolee ukurasa ule kwa rangi, niubandike mlangoni mwa mashine. Atakayeniuliza mwanangu alisomea wapi, nitaanza kwa kumwonyesha turubai tunaloanikia mpunga.