Ncha za Kola

Chumbani kwetu,
Jumapili mchana.

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mtoto ananyonya vizuri na kukuachia walau usingizi wa vipande vipande. Shemeji je, ameshajifunza kumpakata mwanawe, au bado anambeba kama sinia la vikombe vya watu? Msalimie sana, na umbusu mwanangu kisogoni, kwa niaba ya mama yake mdogo. Mimi ni mzima, tena mzima wa kupitiliza. Nacheka peke yangu nikiosha vyombo, mpaka jirani wa ukuta wa pili amemuuliza mume wangu kama nina tatizo.

Mume wangu. Ngoja niandike tena, maana neno hilo bado lina utamu mkononi: mume wangu. Wewe ndiye uliyempachika jina la Bwana Grisi, na meza nzima ya washonaji kola pale kiwandani ikalishika, nami nikacheka pamoja nanyi huku moyo wangu ukienda mbio kila fundi huyo wa mashine anapopita na bisibisi yake. Sasa Bwana Grisi ananiletea chai kitandani. Kikombe kina alama ya kidole cheusi pembeni, lakini ni chai, na ni kitandani.

Chumba chetu ni kidogo ila kina dirisha kubwa linalotazama uani. Meza tumeigawa: nusu yangu ina kioo na chanuo, nusu yake ina skrubu, tupa na vikopo vya mafuta, na mpaka hauheshimiwi hata kidogo. Pazia amelifungia kamba inayopita juu ya misumari mpaka kitandani, kwa hiyo asubuhi navuta tu bila kuinuka, mwanga unaingia, namwona usingizini na nywele zimemsimama. Dada, sikujua kama mtu anaweza kufurahi hivi kwa sababu ya nywele za mtu mwingine.

Tulisikitika wote kwamba ulijifungua wiki ileile ya harusi, ukashindwa kuja. Shangazi alikaa kwenye kiti chako na hakukubali mtu mwingine akiguse. Acha nikusimulie jambo moja la siku hiyo, maana habari yangu yote inatokea hapo. Bwana harusi hakuacha kushika kola ya shati lake. Alishika tukiapa, akashika tukipigwa picha, akashika mpaka kwenye keki. Shangazi akasema kwa sauti kwamba kijana anakabwa, afunguliwe kifungo kabla hajatuachia mjane. Wengine wakadhani anajipenda. Mimi nikadhani ni woga, nikazidi kumpenda.

Kumbe alikuwa akichunguza ncha. Lile shati nilimshonea mwenyewe, kwenye meza yetu, saa za chakula. Kesho yake, badala ya kuniambia maneno ambayo mtu hutarajia kuambiwa siku ya kwanza ya ndoa, aliniuliza nimewezaje kuzitoa ncha kali namna ile na kitambaa hakijatoboka. Nilijisikia malkia. Nikachomoa uzi kwenye pindo la gauni langu, nikamwonyesha palepale kama ulivyonionyesha wewe: kwamba wengine wakishashona kola kwa ndani huigeuza na kuzisukuma ncha kwa mkasi, na mkasi hutoboa, lakini wewe, kabla sindano haijapita kwenye kona, hulaza uzi uliokunjwa katikati ya vitambaa viwili, ukaukamatisha kwa mshono mmoja, na kola ikishageuzwa unauvuta ule uzi na ncha inakuja yenyewe. Kisha unavuta upande mmoja na uzi unatoka wote. Alinitazama kama vile ndiyo kwanza ananiona. Nikamwambia sifa si zangu, ni za dada.

Unaikumbuka ile mashine yake ya kugeuza kola, ambayo meneja alimwagiza aitengeneze kabla hujaenda likizo? Ile tuliyoicheka kwa kutafuna kola kama mbuzi? Ina vidole viwili vya chuma, vinaingia ndani ya kola na kusukuma ncha, na kila mara vilitoboa. Aliwahi kuvipaka nta, akavivalisha mpira, akapunguza nguvu ya hewa inayovisukuma, na bado mbuzi akatafuna. Baada ya siku ile hakusukuma tena. Alichukua sindano iliyovunjika, akaipinda kwenye moto wa jiko letu akiunguza na sufuria yangu mpya, akaichonga kwa tupa mpaka ikawa kulabu nyembamba kama ukucha wa kifaranga. Kulabu hiyo ndiyo inayolaza uzi kwenye kona, na ndiyo inayouvuta.

Siku aliyoiwasha alinifungulia mlango wa karakana nije nione kabla ya mtu yeyote. Mashine ililaza uzi, ikashona, ikageuza, ikavuta, na kola ikaanguka kikapuni na ncha zake mbili kali kama zimekatwa kwa wembe. Nikachukua kola moja nishindane nayo kwa mkono. Sikuwa nimemaliza upande wa kwanza na kikapu chake kilikuwa kimeshajaa. Nikapiga makofi, nikamrukia shingoni, nikalia kwa fahari, na sioni aibu kukuandikia hivyo.

Halafu nikaangalia vizuri zaidi. Ilikuwa inavuta ncha ya kushoto kwanza, inatulia kidogo, ndipo inavuta ya kulia. Hakuna mwingine pale kiwandani anayefanya hivyo, Dada, ila wewe, na mimi niliyejifunza kwako. Nikamuuliza kwa nini ameanzia kushoto, akajibu kwamba ndivyo nilivyomwonyesha. Nilikuwa nakutazama wewe, umegeuka chuma.

Furaha yangu haikwisha, lakini ilipata doa. Nilimhadithia Bi Vifungo, kwa sababu siwezi kumficha jambo, na kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akishona vifungo kwa mkono kabla ya ile mashine ya vifungo kuja. Unajua sasa hivi anakata nyuzi zilizobaki kwenye mashati, na wenzake wengi walirudi makwao. Nilitegemea ataisema mashine vibaya. Hakuisema. Alimaliza shati alilokuwa nalo, akalikunja, ndipo akaniambia:

“Mimi sikuchukia mashine, mwanangu. Nilichukia kuja kazini nikakuta kiti changu kimehamishwa, na kila mtu anajua isipokuwa mimi.”

Basi sitaki ukute kiti chako kimehamishwa. Mpango wa meneja, kama alivyomweleza mume wangu, ni huu: mashine ikikubali, mtu mmoja ataisimamia na meza ya kola itavunjwa. Baadhi yetu tutapelekwa kwenye mikono ya mashati na kwenye kufungasha. Wengine watapumzishwa, na neno hilo unalijua maana yake. Walio likizo, alisema, ni rahisi zaidi, kwa kuwa viti vyao tayari vitupu. Alilisema hilo bila ubaya, kama mtu anayepanga makabati. Mume wangu alirudi nyumbani siku hiyo akala bila kunichekesha hata mara moja, na si kawaida yake.

Nilimwambia maneno ya Bi Vifungo. Alisema mara moja tu, na hakurudia, kwamba viwanda vingine vitaleta mashine kama hii iwe yake au ya mwingine. Nafikiri ni kweli. Lakini alisema pia kwamba ya wengine haitakuwa na mkono wako ndani yake.

Ijumaa meneja alikuja karakana kuiona. Dada, mume wangu alikuwa ameing'oa kulabu asubuhi na kurudisha vidole vya zamani. Mashine ilitafuna kola tatu mbele ya meneja, naye akatikisa kichwa na kusema aitwe itakapokuwa tayari. Kazi ya mwaka mzima, na mwenyewe akasimama pale akaonekana ameshindwa. Jioni aliitoa kulabu mfukoni akaiweka kiganjani mwangu.

“Hii si yangu peke yangu,” akasema. “Mpelekee dada yako, aamue yeye.”

Kisha akatoka nje kupampu tairi la baiskeli ambalo lilikuwa limejaa tangu juzi.

Kwa hiyo ndani ya bahasha hii utakuta kipande cha kitambaa kilichoshonwa pande zote. Kifumue taratibu, usichomwe, na mtoto awe mbali. Ndiyo hiyo kulabu. Hakuna nyingine, na ameniapia kwamba hatachonga nyingine. Ukiirudisha, itafungwa mahali pake, naye atamweleza meneja kwamba njia ni yako, kwamba anayestahili kuisimamia ni wewe, na kwamba kila mwenye kiti kwenye meza ile aambiwe mapema, wewe wa kwanza. Meneja anaweza kukubali, anaweza kukataa; sitakudanganya kwamba tunamjua moyo wake. Usipoirudisha, mashine itaendelea kutafuna, na sisi hatutakulaumu, wala hatutakuuliza.

Nikufiche nini tena? Mimi natamani uirudishe. Natamani kwa sababu nimeuona uso wake siku ile kikapu kilipojaa, na mke wa wiki chache hana akili nyingine. Lakini kama ungeniuliza kabla sijaolewa, huenda ningekuambia uitupe chooni. Ndiyo maana uamuzi haufai kuwa wangu. Najua nimekutwisha mzigo wakati mikono yako imejaa nepi. Ni afadhali uubebe ukiujua kuliko tukubebee kwa siri.

Usijibu kwa haraka. Mwambie meneja, ukimwandikia kuhusu likizo, kwamba hujambo na unarudi kwa tarehe uliyopewa, basi. Kiti chako kipo. Mimi nakaa jirani nacho, na mto wako nimeufua.

Mama mkwe anakusalimu, anasema mtoto apakwe mafuta baada ya kuoga, si kabla. Bi Vifungo anakusalimu. Shangazi anauliza mtoto amefanana na nani, na anataka jibu la kweli. Mume wangu ameomba nikuandikie salamu zake, kisha akachukua kalamu aandike mwenyewe, kisha akanirudishia akisema hajui aanzeje.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda jana na leo,

Kitindamimba.