Nilitoa Siri ya Rafiki Yangu, Sasa Zuio la Mahakama Linanizuia Kutubu

Mpendwa mshauri, naomba msaada. Nauza viazi hapa Makambako na rafiki yangu Cresensia, tuko pamoja miaka kumi na moja, na mwezi Machi aliniachia mkoba akaenda kupakia magunia, nikatafuta humo kalamu nikakuta majibu yake ya hospitali, nikayapiga picha, nikamtumia dada yangu Feliciana nikamwambia asimwoneshe mtu, naye akamtumia mmoja tu, na kufikia Jumapili kwaya nzima ya kanisa letu ilikuwa nayo, na waliokuwa wamemposa Cresensia wakarudi nyuma. Akaenda mahakamani Njombe, shauri likasikilizwa faragha, mimi na dada tukapewa amri ya zuio, tufute picha na tusiyataje tena majibu yale. Tulipotoka nikamwambia Cresensia, "Nisamehe, dada." Akasema, "Ningekuambia mwenyewe jioni ile. Nilikuwa natafuta namna ya kuanza." Akahamia Iwawa kwa shangazi yake. Sasa wanakwaya wanasema amewashitaki Wakristo wenzake bure, nami nataka kusimama kanisani nieleze yote, lakini mume wangu anasema nitafungwa. Nifanyeje?

Mwenye majuto, Makambako

Dada yangu, pole. Majina, biashara na alikohamia nimevibadilisha, na ugonjwa ulioutaja nimeufuta. Unaona? Hata ukitubu bado unamwaga siri yake.

Zuio lile halikuwekwa kukukomoa. Limewekwa ili wasiojua wasijue, na wanaojua wanyamaze. Ukisimama kanisani utawaeleza mpaka wageni. Mumeo yuko sahihi, kukiuka amri ya mahakama kunaweza kukufikisha jela. Halafu jiulize, unataka kusafisha jina lake au kuutua mzigo wako?

Futa picha leo, na nakala iliyojihifadhi kwenye simu. Nenda kwa Feliciana, akae mbele yako afute. Wanakwaya wakimsema, waambie, "Kosa ni langu, si lake," wakiuliza kosa gani, aga uondoke. Cresensia usimpigie simu wala usimfuate. Andika barua ya kuomba radhi, mistari michache, usitaje ugonjwa, usijitetee kwa habari ya kalamu, umpe wakili wake wa shauri lile aisome kwanza. Usiombe jibu.

Urafiki huo sioni kama utarudi. Barua ya radhi mwandikie hivyo hivyo.