Afisa Aliyekuja Kukuchunguza

Mdogo wangu,

Hatujambo, na cherehani yangu imepona. Jana alikuja afisa kukuchunguza kwa ajili ya ile kazi ya usalama. Akauliza kama uliwahi kuvuta bangi.

Mama akaruka: "Mwanangu? Hata kiberiti hajui kuwasha!"

"Mama," afisa akasema, "mwenyewe ametuambia alivuta, akaacha. Nataka kujua kama yupo anayeweza kumtisha kwa siri hiyo."

Mama akanong'ona: "Baba yake tu asijue."

Baba akashusha gazeti. "Nimejua siku zote. Niliogopa wewe ujue."

Afisa akacheka. "Basi hakuna wa kumtisha."

Kazi umepata? Tangu aondoke, wazee wanachunguzana wenyewe kwa wenyewe, nami nimetega sikio.

Dada yako mbea