Ziwa la Bi Zafarani

Jumamosi, 1 Agosti 1953

Nimesahihisha insha hadi adhuhuri. Skuli imefungwa. Nimeazima koti zito kwa jirani. Lina harufu ya kafuri. Safari keshokutwa.

Jana, baada ya sala ya Ijumaa, Masoud alikwenda kuniposea Zeyana kwa baba yake, Sheikh Said. Amerudi na jibu la kungoja. Mzee anataka muda. Nende zangu safari, nikirudi nitajibiwa. Nimeridhika. Mshenga mwema hamsukumi mtu.

Ni ajabu. Kila mwezi nasimama mbele ya jumuiya ya walimu nikahutubu, na watu hunishukuru. Katika shauri hili, lililo kubwa kuliko yote ya maisha yangu, desturi imenifunga ulimi na kuufungua wa Masoud. Nimemwachia bila ya khofu. Tumehitimu chuo kimoja, kwa mwalimu mmoja, kwa bakora moja.

Jumatatu, 3 Agosti

Melini. Bahari chafu. Nimetapika kwa adabu, upande usio na watu.

Mama anadhani naenda kutembea tu, kama Wazungu. Sababu ya kweli anaijua Masoud peke yake. Bi Zafarani, mama yake mama, aliletwa Unguja mtoto mdogo na akauzwa. Nyumbani kwetu neno hilo halitamkwi. Kwa mujibu wa sheria nasaba ni ya baba, na kwa upande wa baba yangu watu hawana la kusema. Lakini mji huu hauulizi sheria katika mambo haya.

Mimi alinihadithia. Kwao kulikuwa na mlima uliobeba maji kichwani; hakuna mto uingiao, hakuna utokao. Nilipoanza kufundisha jiografia nikalitambua ziwa lenyewe: Ngosi, katika nyanda za juu za Rungwe. Nataka kuliona kabla sijaoa. Kwa nini kabla, sijui.

Alkhamisi, 6 Agosti

Treni, kisha basi. Vumbi jekundu mpaka ndani ya masikio. Jana jioni tukaanza kupanda, na leo dunia ni nyengine: migomba kila upande, ukungu, watu wamejifunika mablanketi mchana. Meno yanagongana.

Nimepokewa na Hamed, kaka yake Zeyana. Ni karani wa mapimo huku. Nilimfundisha zamani, bado ananiita Mwalimu. Hajui kwamba nimeposa kwao. Jina la mposaji hufichwa mpaka akubaliwe, ili akikataliwa asiaibike. Nimekula chakula chake nikijiona shemeji tayari. Furaha ya kitoto. Sikuizuia.

Jumamosi, 8 Agosti

Nitaandika kwa utaratibu.

Tumetoka asubuhi. Njiani Hamed alinunua ndizi kwa kina mama wawili. Walitucheka kwa makoti yetu na kutuongezea ndizi za bure, wakituonea huruma. Kisha msitu. Mianzi, migomba ya mwituni, matope. Tulipanda kwa mikono kama kwa miguu. Juu, pasi na onyo lolote, ardhi ikakatika. Chini kabisa, ndani ya mlima, maji ya kijani. Hayatikisiki. Yamezungukwa na kuta za msitu, hapana mto uingiao wala utokao. Bibi hakuongeza hata neno.

Nililia kidogo. Hamed alidhani ni upepo.

Tulipokaa kumenya ndizi, akanipa kwa bashasha habari iliyomfikia jana kwa barua ya ndege kutoka kwa baba yake:

"Mwalimu, hujanipa hongera! Masoud wako anakuwa shemeji yangu. Arusi Mfunguo Tatu hii hii, baada ya Idi."

Nikamwambia sikuwa na habari.

"Hakukwambia? Huyo msiri! Kwani alikuja kumposea mtu mwengine. Baba akamuuliza, huyo mtu wako asili yake nini? Akasema. Kumbe bibi yake kanunuliwa, tena katoka milima hii hii! Baba akasema, si kufu yetu huyo, lakini wewe je, Masoud, umeshaoa? Ikawa ndiyo hiyo." Akatupa ganda. "Jina baba kalisitiri. Lakini wallahi, Mwalimu, labda shangazi zake ndio wale waliotuuzia ndizi!"

Akacheka. Nami nikacheka.

Nimecheka. Mbele ya ziwa lake.

Jumapili, 9 Agosti

Sikula. Nimesingizia tumbo. Hamed kanichemshia tangawizi, kaniuguza kama ndugu. Ningependa kumchukia. Simwezi.

Masoud namweza.

Ijumaa, 14 Agosti

Nimefika Unguja asubuhi. Masoud alikuja mwenyewe kabla sijavua viatu, na halua mkononi. Nikamwambia nimeshaambiwa. Akaiweka halua chini.

"Niliulizwa kwa Mungu," akasema. "Ulitaka niseme uongo kwa ajili yako?"

"Nilitaka ukatae kujibu. Useme umuulize mwenyewe."

"Angejua."

"Angejua kutoka kwangu. Na binti mwenyewe, nani alikulazimisha kumchukua?"

Alisema kwamba fursa haimgongei maskini mlango mara mbili. Alisema nimpende Zeyana kwa kumtakia heri. Kisha, kwa uso usio na haya, akaniomba nizungumze katika walima, karamu ya arusi yake. "Watu watauliza kwa nini hukusema wewe. Watachimba. Nakusitiri, ndugu yangu."

Ndugu yangu.

Siri yangu aliitoa ili apate mke, na sasa anataka kunilindia. Sijapata kudharau mtu hivi. Nikasema nitazungumza. Akanishukuru.

Halua nimempa paka. Hata paka hakuitaka.

Alkhamisi, 20 Agosti

Idi Kubwa. Nimesali safu ya nyuma nisionane nao. Sheikh Said akanifuata mpaka nje ya msikiti, akanishika mkono kwa mikono miwili. Anasema anaingojea hotuba yangu. Anajua mimi ni nani, nami najua kwamba anajua. Tumetakiana heri ya Idi.

Mama kafurahi nimealikwa. Kanipigia kanzu pasi mwenyewe. Sikumwambia kitu. Nilipaswa.

Ijumaa, 28 Agosti

Walima, nyumbani kwa Sheikh Said, Mkunazini. Ua umejaa. Pilau limeshapakuliwa. Masoud katika joho jeusi, kapendeza. Nikaitwa, zikatajwa sifa zangu, nikasimama.

Nilisema kwamba msemaji mwaminifu hujitambulisha kabla hajawapongeza wengine. Nikalitaja jina langu na la baba yangu. Kisha nikasema: "Na mama yangu ni binti wa Bi Zafarani, aliyeibiwa mtoto huko Rungwe, akanunuliwa hapa, si mbali na tulipokaa. Mwezi huu nimekwenda kwao. Ni kuzuri. Baada ya hayo, nawaombea maarusi baraka."

Sikumtaja Masoud kwa ubaya. Sikuhitaji. Alikuwa anakitazama kidole chake cha pete kana kwamba amekipata leo. Sheikh Said alitazama busati.

Halafu kutoka nyuma mtu akanadi, "Ahsante, Mwalimu! Haya jamani, bismillahi, pilau linapoa!" Watu wakacheka, kwa faraja zaidi kuliko furaha. Hakuna aliyekuja kukaa katika sinia yangu. Nimekula tonge tatu, nikaaga.

Zeyana alikuwa ghorofani na wanawake. Madirisha yalikuwa wazi. Kama alisikia, sijui.

Habari ilinitangulia nyumbani. Mama alikuwa amekaa kitandani. "Mimi nimemficha miaka yote hii," akasema. "Wewe umemfukua kwa hotuba moja." Akanigeukia ukuta.

Jumatatu, 7 Septemba

Skuli imefunguliwa. Walimu wawili hawakunipa mkono. Mmoja, ambaye hatukuwa na mazoea, alinivuta pembeni akaniambia bibi yake pia, kisha akaondoka haraka.

Nimepishana na Masoud Darajani. Hakusimama. Sijamsamehe, wala sijihimizi.

Mama alikuwa hasemi nami ila ya lazima. Leo, akichambua mchele, akaniuliza kama kule ni baridi kweli. Nikamwambia ni baridi sana.

"Alikuwa akipenda kujifunika," akasema.

Akasogea kidogo kwenye mkeka. Nikakaa, nikaanza kuchambua upande wangu.