Mvua Niliyoingoja Gatsata

Kigali, Jumatano 14 Machi 1990

Mama Neema wangu,

Pokea salamu zilizolowa maji. Kalavati letu la kupitisha maji chini ya barabara ya Gatsata lilikamilika mwezi uliopita, nawe ukauliza kwa nini sirudi. Fomu yangu ya kujiunga na chama cha wahandisi wa ujenzi ilihitaji sahihi ya Mzee Gaspari, msimamizi wangu, naye alikataa. "Wakati wa jua kila mtu iko fundi," aliniambia. "Maji ipite kwanza." Basi kila jioni nimeandika katika shajara yangu: hakuna mvua. Niliiomba, huku nikijua kwamba wewe Bukoba unaiogopa, kwa sababu ya paa la jikoni nililoliacha na tundu.

Leo mchana imekuja. Tulisimama wawili kando ya barabara, maji mekundu yakishuka mlimani na majani ya migomba. Mama mmoja anayechoma mahindi alitucheka kutoka barazani: "Hawa wazee hawana kwao?"

"Huyu iko nako," Mzee akamjibu. "Ni mvua ilikataa kumupa ruhusa."

Maji yakaingia upande wa juu, yakatokea upande wa chini, wala hayakupanda barabarani. Tukakimbilia barazani, Mzee akailaza fomu mgongoni mwangu, akasaini.

Jumamosi napanda basi. Wakinikubali au wakinikataa, barua yao tutaisoma pamoja. Ile sufuria unayokingia maji chini ya tundu, usiiondoe. Nataka kuiondoa mwenyewe.

Wako daima,
Baba Neema